Mtumbwi wa Kubebwa na Mtu Mmoja

Nyumba ya mkwe wangu ina kila kitu isipokuwa mlango. Milango ya ndani ipo, tena mingi, kila chumba na mlango wake. Nasema mlango wa kutokea. Kuna geti la bati zito jeusi, lina kufuli kama ngumi ya mtu mzima, na ufunguo anao binti yangu Pamela kwenye mkoba wake, na mkoba anaenda nao kazini.

"Ni kwa sababu ya kuku, Baba," ananiambia. "Geti likiachwa wazi kuku watatoka."

Kuku! Wana kuku watatu, mmoja ana chongo. Na hao watatu ndio wamejengewa ukuta unaonipita kichwa, juu umepandwa vipande vya chupa? Aka! Mimi si mtoto. Mimi ni Pankrasi wa Lundu, kule Nyasa, nimechonga mitumbwi tangu sijaota ndevu, na ninajua nikifungiwa kwamba nimefungiwa. Ila anayenifunga ni mwanangu, na ananifunga kwa kunipenda. Hapo ndipo pagumu. Ningefungwa na askari ningejua la kusema.

Nililetwa hapa Matogoro, Songea, kwa wiki moja. Mvua za kwanza zikanikuta hapa, mahindi ya majirani yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa, na ile wiki moja bado haijaisha.

Sikatai, niliugua. Nilikuwa ziwani peke yangu asubuhi, navuta wavu, kichwa kikazunguka, nikaangukia ndani ya mtumbwi. Wavuvi wa usipa, dagaa wetu wa Nyasa, walinikuta jua limeshapanda, mtumbwi unaelea wenyewe, mimi nimelala chini pamoja na samaki. Tangu siku ile mkono wangu wa kushoto umekuwa mvivu. Unafanya kazi, lakini mpaka uubembeleze. Pamela alikuja na gari la mumewe, akanikuta nimekaa kwangu nakunywa uji, akaangua kilio kama vile amekuta matanga. Yeye ni muuguzi, ameona wagonjwa wengi kuliko mimi nilivyoona samaki, lakini kwa baba yake uuguzi wote ulimtoka. "Wiki moja tu, Baba, tukupime." Nikapanda gari. Mjinga mimi.

Sasa nikuambie ninachotaka, usije ukadhani ni kizee kinalalamika tu kwa kuwa kimekosa kazi. Nataka kurudi Lundu nikafie kwangu. Mke wangu Eufrasia amelala nyuma ya jiko letu, na majani yatakuwa yamefunika msalaba, maana nani wa kufyeka? Nataka kuamka nisikie maji. Hapa nikiamka nasikia televisheni. Nataka kula samaki mwenye chumvi. Hapa nalishwa mchicha usio na chumvi na samaki wa friji ambaye hata paka wa kwetu angemkagua kwanza. Kila asubuhi Pamela ananifunga kile kitambaa cha presha mkononi, anasoma, anaguna, anaondoka, anafunga geti. Mimi nabaki na Careen, binti wa kazi kutoka Maposeni, ambaye ameagizwa asiniondolee macho. Nikienda chooni anaimba nje ili nijue yupo.

Niliwahi kutoroka, sisemi uongo. Walikuwa wanaingiza tangi la maji, geti likawa wazi, nikapita nyuma ya mafundi, nikashika njia mpaka stendi, nikakaa ndani ya basi la Mbamba Bay, kiti cha dirishani kabisa. Raha iliyonipata pale! Basi halijawashwa, lakini mimi nilikuwa nimeshapita Mbinga, nimeshaanza kuteremka milima, nimeshaliona ziwa. Kumbe kondakta alikuwa na mke aliyezalishwa na Pamela. Alinitazama mara mbili, akatoka nje na simu. Pamela akaja na sare yake ya kazini, akapanda ndani ya basi mbele za watu, akanipigia magoti. "Baba, unataka nife?" Abiria wote wananiangalia mimi kama mwizi. Nikashuka. Kuanzia siku hiyo ndipo kufuli likaja.

Ugomvi wenyewe ulitokea mezani. Nilisusa mchicha. Nikamwambia Pamela anirudishe kwangu, la sivyo na kula sili. Naye ana hasira zangu, huyu mtoto, hakuziokota barabarani. Akapiga meza.

"Urudi ukafanye nini? Unakaa peke yako! Mtumbwi wako wanausukuma vijana wanne, na wanakuonea huruma tu. Siku wasipokuwepo utauvuta peke yako, presha ipande, uangukie mchangani. Nani atakuokota?"

"Nitauvuta mwenyewe."

"Kwa mkono upi?"

Jamani, kuna maneno mtoto hapaswi kumwambia baba yake hata kama ni kweli. Hata yeye aliona amevuka mpaka, lakini hasira ilikuwa bado imemshika, akaongeza: "Haya. Siku utakayobeba chombo chako mwenyewe, ukakitoa majini ukakifikisha mlangoni bila mtu kukushika, siku hiyo mimi mwenyewe nitakurudisha Lundu. Naapa."

"Rudia hayo mbele ya mumeo," nikasema.

Akarudia. Alikuwa anafikiria mtumbwi wetu, bwato lenyewe, mti mzima uliochimbwa, ambao hata ng'ombe angeomba msaada. Alijua amenifunga kufuli la pili.

Mume wake, Brayson, alikuwa ameinamia sahani. Brayson ni Mchaga wa Machame, mtaalamu wa maji mkoani hapa, anachimbia vijiji visima, na kuogelea hajui. Anaogopa hata beseni. Lakini ni mtu mpole, na mimi namheshimu kwa kuwa hakuniita "mzee wetu" kwa sauti ile wanayowasemesha wagonjwa. Akainua kichwa, akasema taratibu:

"Baba, kuna mitumbwi ya mbao nyembamba. Nimewahi kuona kwenye simu. Mtu mmoja anabeba begani."

Pamela alimgeukia mumewe kwa jicho ambalo mimi nisingependa kulala nalo kitanda kimoja.

"Nionyeshe," nikasema.

Yesu na Maria, nilivyocheka! Mzungu mmoja mwenye ndevu, nyuma ya nyumba yake, anabandika vipande vya mbao upana wa vidole viwili, kimoja juu ya kingine, kwa gundi. Gundi! Mtumbwi wa kubandika! Kwetu mtumbwi hautengenezwi, unatafutwa. Uko ndani ya mti tayari, kazi yako ni kuondoa kisicho mtumbwi. Huyu anauanza kutoka hewani. Lakini mwisho wa picha akauinua mwenyewe, akauweka begani, akaondoka nao huku anaongea, kama mwanamke na ungo wake. Kicheko kikaniisha. Nikamwambia Brayson aanze tena kutoka mwanzo.

Tukaanza. Brayson alileta mbao za paina, akatoa gari lake kwenye banda likawa linalala mvuani, akanunua gundi ya makopo mawili inayochanganywa ikanuka mpaka Careen akasema inamwonyesha malaika. Tulisimamisha mbavu za mbao chini, mstari mmoja, kisha tukazivika vile vipande, tukavibana, tukavigandisha, tukasubiri. Kusubiri ndiko kulikoniua. Mti hausubiri, unapiga tezo na gogo linapungua hapo hapo. Gundi inakuamuru ukae chini. Mimi nimekaa miezi mingapi chini ndani ya ukuta huu, na sasa hata gundi inaniambia nikae!

Lakini nikuambie ukweli, siku zile nilikuwa hai. Nilikuwa naamka kabla ya televisheni. Pamela akija na kitambaa chake cha presha ananikuta nina vumbi la mbao kwenye nyusi, anasoma, haguni. Alikuwa haulizi lolote kuhusu mtumbwi. Anapita pembeni ya banda kama unavyopita mbwa usiyemjua. Siku moja tu nilimkuta amesimama pale, amevaa sare, kiganja kimelala juu ya mbao. Aliponiona akakiondoa. "Unalainika," akasema, akaenda kazini. Akafunga geti.

Zamani huyu alikuwa mtoto wa mtumbwi. Alikuwa anakaa mbele, miguu ndani ya maji yaliyoingia, anayachota kwa kopo na kuimba. Wenzake wa kike walikuwa wanakatazwa, mimi sikumkataza. Baadaye akaenda shule Peramiho, akaenda chuo, akaolewa, na ziwa likamtoka. Sijui lilimtokea wapi.

Mtumbwi ulipokamilika umbo tukautoa kwenye mbavu zake na kuugeuza. Mzuri, shetani yule! Mrefu, mwembamba, umechongoka mbele na nyuma. Nikauzunguka. Sikutaka kuupenda, lakini nikaupenda.

"Jaribu, Baba," akasema Brayson.

Nikapiga goti, nikaupindua, nikaingiza bega la kulia chini yake, nikasimama. Nilisimama kweli! Nikapiga hatua mbili tatu. Kisha mkono wa kushoto, ambao kazi yake ilikuwa kushikilia tu, kushikilia tu, jamani, ukaachia. Mtumbwi ukanilalia shingoni. Brayson akaudaka kabla haujanivunja. Nilipoinua macho Pamela alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Nilingoja anicheke. Nilitaka anicheke ili nimtukane.

"Pole, Baba," akasema. Kwa sauti ile ya hospitali.

Sikula siku ile. Nililala nikiangalia ukuta, na nje ya dirisha nauona ule ukuta mwingine, na juu yake milima ya Matogoro imevaa ukungu. Nikajiuliza kama ndivyo itakavyokuwa. Kama nitaangalia kuta mbili hizi mpaka siku watakaponitoa nimelala, na siku hiyo geti litafunguliwa wazi kabisa, na hakuna atakayekumbuka kuku.

Asubuhi nikamwambia Brayson, "Mzito. Tuupunguze."

Akakuna kichwa. "Baba, mbao tuliyoacha ni nene kama kidole cha mwisho. Yule wa kwenye simu anasema isishuke hapo. Na yeye bado anavika kitambaa cha kuimarisha, ndani na nje."

"Kitambaa kina uzito?"

"Kina uzito kidogo."

"Basi hakivishwi. Na yule wa kwenye simu, mkono wake wa kushoto mzima."

Wiki ile ile Brayson akapelekwa Nakapanya kukagua visima, akaniaga na kunisihi, "Baba, usiuguse mpaka nirudi." Nikamwitikia vizuri, kwa heshima zote, na gari lake lilipokata kona tu nikamtuma Careen aniletee tezo langu chini ya kitanda.

Sikia, mimi ninajua kupunguza mtumbwi. Ndiyo kazi yangu. Unapochonga gogo, unaanza na nje mpaka pakae sawa, halafu unaingia ndani na kuanza kula mti kidogo kidogo. Unajuaje umefika? Hupimi. Mkono mmoja una tezo, mwingine unagonga kwa nje na vifundo vya vidole. Mti mnene unajibu kwa sauti ya chini. Unavyopungua, sauti inapanda. Kuna sauti ukiisikia unaacha. Marehemu baba yangu alinifundisha sauti ile nikiwa nimefumba macho, na mtumbwi wangu hata mmoja haujawahi kutoboka. Si majivuno. Waulize Lundu.

Basi nikaingia ndani ya mtumbwi wa Brayson na tezo, na nikimaliza tezo nachukua kipande cha chupa nakwangua. Nagonga, nasikiliza, nakwangua. Unajibu sauti ya chini. Bado mnene. Nakwangua tena. Careen anafagia maganda membamba, mengine unapuliza yanapaa. Nagonga. Sauti ya chini bado. Nikajisemea moyoni, paina huu mgumu kuliko ulivyoonekana, na mtu aliyetuuzia anajua kuchagua. Nikashukuru Mungu. Kila siku nilikuwa naunyanyua kidogo kwa upande mmoja, na kila siku ulikuwa unanikubali zaidi. Mkono wa kushoto ukaanza kuamini.

Nikaupaka rangi ya mafuta nje, mkono mmoja tu, mwembamba, isije ikaongeza uzito, ya kijani kama niliyopaka mtumbwi wa mwisho nilioufanya Eufrasia akiwa hai. Ndani nikaupiga vanishi. Brayson aliporudi akaukuta unang'aa umelala juu ya magogo. Akaupapasa pembeni. "Umepunguza, Baba?"

"Kidogo tu. Mimi ni fundi, mwanangu."

"Sawa," akasema. Aliniamini, masikini. Kwa mitumbwi hana wa kumwamini mwingine.

Tukachagua Jumapili, baada ya misa. Pamela hakuwa na zamu. Nilimwambia safari iwe kutoka bandani, kuzunguka nyumba, kutoka getini, mpaka kwenye nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara. Ni kama kutoka ukingoni hadi mlangoni kwangu Lundu, na zaidi. Akakubali kwa kichwa. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, mikono ameifumbata, na uso aliouvaa nilikuwa nimewahi kuuona mara moja tu, siku ya mazishi ya mama yake.

"Ukisikia kizunguzungu unaweka chini," akasema. "Tafadhali, Baba."

"Fungua geti," nikasema.

Alitoa ufunguo, akafungua kufuli, akaisukuma milango yote miwili. Tangu kufuli lije, sikuwahi kusimama mbele ya geti lile likiwa wazi pande zote. Barabara ikaonekana, na nguzo, na majirani wawili watatu wametoka kanisani wakasimama kutazama. Hata kuku wenyewe walisimama.

Nikapiga goti. Nikaupindua. Nikaingia chini yake, bega la kulia, mkono wa kushoto ukashika ukingo. Nikasema, "Eufrasia, nishike." Nikainuka.

Haki ya Mungu, uliinuka kama hauna kitu! Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo, nusura nirudi nyuma. Nikaanza kutembea. Chini ya mtumbwi huoni mbele, unaona miguu yako tu na kipande cha ardhi. Nikaona saruji ya banda, nikaona kokoto za uani, nikaona bomba la maji, viatu vya Careen vinaruka ruka pembeni. "Babu! Babu weee!" Nikaona chuma cha chini cha geti. Nikakivuka. Nikaona vumbi jekundu la barabara, na moyo wangu ulivyofurahi nikaanza kulia huko chini ambako hakuna anayeniona. Niko nje. Niko nje kwa miguu yangu na chombo changu begani.

Ndipo jua likatupata. Ndani ya ukuta kulikuwa na kivuli cha nyumba, lakini barabarani jua lilikuwa linawaka kwelikweli. Na ndani ya mtumbwi, mbele ya macho yangu, kukaingia mwanga.

Si kwa tundu. Matundu hayakuwepo. Mbao zenyewe ndizo zilipitisha jua, nyekundu, kama sikio la mtoto ukiliangalia amesimama juani. Kati ya kila kipande na kipande kulikuwa na mstari mweusi wa gundi, mnene, mzima, na pale penye mbao palikuwa panawaka. Vidole vya mkono wangu wa kushoto nilivyovibana kwa nje nikaona vivuli vyake kwa ndani, vinne, nikavihesabu.

Nikaelewa hapo hapo, bila kusimama, miguu bado inatembea. Nilikuwa nagonga na kusikiliza, na aliyekuwa ananijibu ni gundi. Gundi imekauka kuwa jiwe, kila vidole viwili kuna jiwe, na nikigonga linanijibu kwa sauti ya chini, "Mnene, bado mnene," nami nakwangua. Mti mmoja una sauti moja. Huu ulikuwa na sauti mbili, na mimi sikuwahi kufundishwa hiyo. Upepo wa mwera ukiupiga huu wimbi moja tu, utafunguka kama ganda la karanga.

Nikafika kwenye nguzo. Nikasikia majirani wanapiga makofi, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Nikaushusha kwa kupiga goti, taratibu, bila kuanguka, bila mtu kunishika. Na niliposhusha, yale maajabu yote yakazimika. Kwa juu ulikuwa wa kijani, unang'aa, mzuri. Hakuna mwingine aliyekuwa ameona.

Sasa nisikilize vizuri. Mimi peke yangu ningeondoka nao. Sikufichi. Ningeshukuru, ningefungasha, ningeenda Lundu na ganda lile la karanga, ningeufyekea msalaba wa mke wangu, na siku moja asubuhi maji yakitulia ningesukuma mtumbwi, na litakalokuwa liwe. Mimi ni mzee. Ziwa linanijua. Nilikuwa nimeshaamua, kabla hata ya kuinuka kwenye goti lile, nilikuwa nimeshafunga mdomo wangu.

Pamela akaja mbio kuvuka barabara na nguo yake ya kanisani. Akanishika mabega, akanitazama machoni, akanishika mkono akahesabu mapigo, huku machozi yanamtoka. Halafu akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu akiwa na kopo lake mbele ya mtumbwi.

"Umeniweza, Baba," akasema. "Umeniweza kabisa. Mimi nilikuwa najua huwezi. Nilikuwa naomba usiweze, Mungu anisamehe." Akajifuta kwa kiganja. "Nitaomba likizo. Jumamosi tunaondoka, mimi na wewe."

"Vizuri," nikasema.

"Lakini sikuachi ukingoni nikageuza gari. Siku ya kwanza tunapanda wote. Mimi nakaa mbele, kama zamani. Tunafika mpaka kule kwenye yale mawe ulikokuwa unanipeleka. Nikishauona unaelea, nikishakuona umekaa ndani yake, nitarudi Songea nitalala usingizi. Bila hivyo, Baba, sitalala. Nipe hilo moja tu."

Nikamwambia hakuna haja. Nikamwambia nguo zitalowa. Nikamwambia amesahau kuogelea.

"Nimesahau," akasema, bado anacheka. "Si utakuwepo?"

Akainama, akaweka kiganja chake juu ya rangi ya kijani, akaupapasa mtumbwi kuanzia katikati mpaka mbele, pale atakapokaa.

Niliangalia barabara. Inateremka pale, inapita kwa fundi baiskeli, inakata kona, na ukiifuata haikuachi mpaka stendi, na kutoka stendi mpaka ziwani. Nilikuwa nje. Geti lilikuwa nyuma yangu, wazi, na hakuna aliyelishika. Nikawaza kuuongeza unene, kuuvika kile kitambaa cha Brayson ndani na nje. Nikapima kwa bega langu uzito utakaorudi, nikajua mkono huu hautaubeba tena. Ukiwa mwepesi wa kubebwa na mimi, hauwezi kumbeba yeye. Hakuna mtumbwi wa tatu.

Nikapiga goti. Nikaupindua tena begani.

"Baba, unafanya nini? Umeshafika!"

"Haujaisha," nikasema nikiwa chini yake.

"Haujaisha vipi? Umeubeba, watu wote wameona. Umeshinda!"

"Nimesema haujaisha!" Nilipiga kelele, na majirani wakaacha kupiga makofi. "Nani fundi hapa, mimi au wewe?"

Nikarudi. Ule mwanga mwekundu ulinifuata barabarani kote, ukawa umejaa humo ndani na mimi. Nikavuka chuma cha geti. Kivuli cha nyumba kikatuangukia, mbao zikazimika. Nikauweka juu ya magogo yake bandani, nikakaa chini kando yake.

Brayson alikuja, akachuchumaa. Aliwasha tochi ya simu yake, akaiweka kwa nje, akainamia ndani kutazama. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akazima simu, akanishika bega, lile la kushoto.

Pamela alikuwa bado amesimama katikati ya geti, ufunguo mkononi, ananitazama mimi, anamtazama mumewe, hajui aingie au atoke. Yule kuku wa chongo alikuwa anapita karibu na miguu yake, anaelekea barabarani.

"Funga geti, Pamela," nikamwambia. "Kuku watatoka."